Mume wa Karatasi

Alitawala katika mji wa Mrihani Sultani Shadhili bin Nurein, na mji ule ulikuwa na misikiti yenye milango ya msaji na visima vya maji baridi na bustani zenye harufu nzuri hata nzi wake walinukia, na Sultani mwenyewe alikuwa mwadilifu na mkarimu na mwenye kilemba kizito, na kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakupenda kuambiwa ana kasoro. Naye alijaaliwa mtoto mmoja wa kiume, jina lake Hilali, na mama yake Hilali alikuwa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na mama huyo hakuwa binti wa mfalme wala wa waziri, bali alikuwa binti wa Bi Mize, muuza vitumbua wa Mtaa wa Majivu.

Sultani alimwona binti yule akipita na sinia kichwani, akampenda, akamwoa, na hilo lilikuwa jambo la heri. Lakini mama mkwe mwenye masizi viganjani na ulimi wa pilipili si kitu cha kuonyeshwa wajumbe wa wafalme wengine. Basi Bi Mize aliruhusiwa kuingia kasri siku za Idi tu, tena kwa mlango wa jikoni, na yeye hakulalamika, maana jikoni ndiko kwenye chakula.

Hilali alipokuwa mdogo aliletwa mara kwa mara Mtaa wa Majivu, akakalishwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akala vitumbua mpaka tumbo likawa ngoma. Na Bi Mize alimwita mume wangu, kama bibi yeyote amwitavyo mjukuu wake wa kiume, na akamtukana kwa raha zake.

"Mume gani wewe, huna hata jino la kutafunia mahari!"

Na mtoto humjibu, "Na wewe mke gani, unanuka moshi!"

Wakacheka wote wawili mpaka unga ukamwagika. Na Hilali alikuwa na desturi, akitaka kuzuia kicheko hujiuma shavu la kushoto kwa ndani, pakafanyika kishimo kidogo, na Bi Mize akikiona kishimo kile alijua amekwisha kushinda.

Hilali alipofika umri wa kuvaa jambia, Waziri Ghalibu alikuja Mtaa wa Majivu na ndevu zake zilizopakwa mafuta, akasema, "Ewe mama wa marehemu malkia, imepita amri ya kwamba mwana wa mfalme hataniwi. Kuanzia leo atasemeshwa kwa sifa na taadhima peke yake."

"Loo, nimeachika," akasema Bi Mize, akigeuza kitumbua. "Na talaka yenyewe imeletwa na ndevu."

Alicheka mbele ya Waziri, na Waziri alipoondoka akakiacha kile kitumbua kikaungua, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aanze kazi.

Basi Hilali akakua kasrini, na asubuhi aliambiwa uso wake ni mwezi na jioni aliambiwa mwezi umwombe radhi, na kijana alikuwa na moyo mzuri, lakini moyo mzuri nao ukilowekwa katika asali siku zote hulainika. Akazoea. Akawa hatoki bila kioo mkononi.

Asubuhi moja alikuwa ameketi bustanini kando ya asumini, akijitazama, na mara akamwona mbele yake mtu mrefu mwenye joho jeusi lililokuwa likifuka pembezoni kama kuni mbichi. Huyo hakuwa mtu. Alikuwa jini, na jina lake Duhani, na jini huyu kazi yake ni kukusanya watu wanaojipenda na kuwatundika ukutani katika pango lake, kama wengine wanavyotundika pembe za nyati.

Akasema, "Ewe kijana uliyepambwa na Muumba, uzuri huu utaliwa na miaka kama kanzu inavyoliwa na mende. Waonaje nikikuchukua sura, ibaki?"

Hilali hakuteremsha hata kioo. "Nichukue nilivyo," akasema.

Basi angalia neno hilo. Hakusema "nichukue sura." Alisema "nichukue." Na majini, tofauti na mawaziri, husikiliza neno lote mpaka mwisho.

Duhani akatoa karatasi na kalamu ya risasi, hii ambayo watoto wa shule wanaiita penseli, maana wino hawezi kuugusa, wino umekwisha kuandika aya nyingi mno na humwunguza vidole. Akaanza kuchora, na kila mstari ulioingia katika karatasi ulitoka kwa Hilali, mpaka kwenye kiti pakabaki kioo na viatu. Na picha hakuimaliza. Aliacha sikio moja halina ndewe, na ukosi wa kanzu ni mstari mmoja tu, na macho matupu. Kisha akacheka, akasema, "Mimi huanza, watu ndio humaliza. Sifa zikitimia, yamekwisha," akageuka moshi, akapaa.

Mashahidi wa mambo hayo hawakuwapo ila kasuku katika tundu lake, na kasuku yule alipiga kelele mpaka kasri zima likakusanyika. "Nichukue nilivyo! Sifa zikitimia, yamekwisha! Sifa zikitimia, yamekwisha!"

Sultani akaiokota picha ile, akamtambua mwanawe, akaanguka. Masheikh wakaitwa, wakasoma, na picha ikatulia isififie, lakini kijana hakutoka, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyetoa ruhusa. Ndipo Waziri Ghalibu akapiga goti, akasema, "Ewe jua la Mrihani, ufumbuzi tumepewa na ndege. Watu wakigombana, siku ya kupatana husema basi, yamekwisha. Jini ametaka sifa. Tumsifu mwanao mpaka sifa zitimie, na balaa itakuwa imekwisha, naye atarudi kwetu."

Sultani akasema, "Umenena." Na picha ikawekwa juu ya kiti cha enzi, na mbele yake likatandikwa zulia jekundu ambalo hakuna ruhusa kulivuka, na washairi wakaja, na wafanyabiashara, na mabaharia, na kila mmoja alisimama mwisho wa zulia, akasifu kwa mbali, akapewa halua, akaenda zake. Na kweli, siku hadi siku picha ilizidi kukamilika. Ndewe ya sikio ikaja, na vivuli vya shavu, na nywele unywele kwa unywele. Sultani alikuwa akilia kwa furaha. "Anakuja," akawa anasema. "Mwanangu anakuja."

Habari zilifika Mtaa wa Majivu pamoja na Zamzamu, binti wa Waziri Ghalibu, msichana mwenye kicheko cha karibu, ambaye kila asubuhi alikuja mwenyewe kununua vitumbua kwa sababu watumishi walivila njiani.

"Bibi, leo imebaki mboni ya jicho moja," akasema Zamzamu. "Baba anasema magharibi haitafika kabla hajatoka."

"Na yeye mwenyewe, mume wangu, anaonekanaje? Anafurahi?"

Zamzamu akasema, "Sijui, bibi. Tunamwona kwa mbali."

Bi Mize akaondoa chuma cha vitumbua motoni na unga haujaisha. "Nifungulie mlango wa jikoni," akasema.

"Leo si Idi, bibi."

"Kwa wenye kwenda peponi kila siku ni Idi. Nifungulie."

Zamzamu akamfungulia, kisha akakimbilia nyuma ya pazia la wanawake kuona litakalotokea.

Bi Mize akaingia barazani na kanga zake za masizi, na unga wa mchele mpaka viwikoni, na macho yake yalikuwa mekundu yakitiririka machozi. Watu wakadhani analia, wakampisha kwa huruma. Hakuwa akilia. Macho yale yalikuwa yamepikwa na moshi miaka mingi, na kitu kisichokuwa mbele ya pua yake hakukiona. Basi akalifikia zulia, akalivuka, akapanda ngazi za kiti cha enzi, akainama mpaka pua yake ikagusa karatasi, ikaacha doa la unga.

Askari wakashika mikuki. Sultani akainua mkono. "Mwacheni," akasema kwa upole. "Ni bibi yake. Amsifu kisha aende."

Naye Bi Mize hakusifu. Alitazama. Alianza na kidevu, akaona mistari midogomidogo iliyolazwa upande mmoja kama ukindu wa mkeka, na palipotakiwa kivuli mistari ilipitana, na palipotakiwa mwanga karatasi iliachwa peke yake. Akapanda mdomoni. Akaona midomo imefungwa sana, kama ya mtu anayebeba kitu kizito. Akapanda machoni, na moja limekamilika na moja bado, na lile lililokamilika lilikuwa linamtazama yeye, na lilikuwa limejaa hofu.

Nyuma yake Waziri Ghalibu alikuwa akiendelea kusifu, akasema, "Nyusi zake ni pinde mbili za dhahabu," na palepale, chini ya pua ya Bi Mize, unyusi ukakolea kama uliopakwa wanja, na lile jicho likabana kwa maumivu.

Bi Mize akaliona hilo. Akafahamu. Hawamtoi. Wanamfungia.

Na alipokuwa hajui afanye nini, akafanya alilozoea, akanung'unika. "Na wewe kofia umeiweka upande kama mpiga zumari."

Kitu kikamdondokea kiganjani. Akakileta karibu na macho: ni mstari, mwembamba, wa risasi, unameta kama unywele. Akatazama picha, na ule mstari wa kofia haupo.

Alhamdulillahi, akasema moyoni. Yule jini mpumbavu hakutumia wino.

Akageuka, akasema kwa sauti, "Shadhili, nyamazisha watu wako. Mnamwua mtoto."

"Bi Mize!" akasema Sultani. "Ndege amesema sifa zikitimia, yamekwisha."

"Hata maiti akishafukiwa watu hukung'uta mikono wakasema yamekwisha. Ulimwuliza ndege ni yamekwisha ipi?"

Kabla hajajibiwa, Duhani akatokea, amejikunja chini ya dari kama moshi wa nyumba iliyofungwa madirisha, kwa maana alikuwa amekuja kuchukua mali yake. Akasema kwa sauti laini, "Ewe Sultani mtukufu, usimsikilize mpika vitumbua. Imebaki sifa moja tu. Na sifa iliyo bora ni ya mzazi. Mtazame mwanao. Je, si mzuri?"

Sultani akasogea mpaka penye kiti, akamtazama mwanawe kwa mapenzi yote ya baba, na machozi yakamjaa, na midomo yake ikafunguka kusema.

Bi Mize akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja kilichojaa unga.

Tangu mji wa Mrihani ujengwe hakuna aliyewahi kumgusa Sultani mdomoni. Askari wakachomoa majambia, na Waziri akapiga ukelele, na Bi Mize akajua kabisa ya kuwa shingo yake imekwisha kuondoka mikononi mwake. Akasema, "Nikateni, lakini nimalize kwanza kuzungumza na mume wangu." Na mkono wa kulia ukabaki pale pale mdomoni mwa Sultani, na uso akauelekeza kwenye picha.

"Wewe Hilali. Nitazame ninapokusema. Wanakwambia sura yako mwezi. Mwezi gani wenye pua kama mchi wa kutwangia bizari?"

Mistari ya pua ikaanguka kama masizi kutoka darini.

"Ni pua ya kifalme!" akapiga kelele Duhani, lakini sifa ya mchoraji kwa kazi yake mwenyewe haihesabiwi, hata kwa majini.

"Na masikio hayo! Mama yako alipokuzaa, mkunga alisema, shikeni mtoto, upepo ukija ataruka."

Masikio yakaanguka. Na pazia la wanawake likatikisika.

"Na ndevu, eti kijana ana ndevu! Nimezihesabu mimi kwa macho yangu mabovu, ziko kama nywele za chikichi, moja huku moja kule, hazijuani."

Sultani, chini ya kile kiganja, alikuwa hapigani tena. Aliiona karatasi ikiwa nyeupe kidogo kidogo, na kati ya kiti na zulia hewa ikianza kukolea, umbo la bega, umbo la mkono. Akainua kidole, na askari wakarudisha majambia alani.

Lakini macho yalikataa kutoka, na midomo iliyofungwa ilikataa kutoka, maana hofu ndiyo iliyovishika, na hofu haitoki kwa kutukanwa pua peke yake. Duhani akateremka karibu, akifuka. "Mpaka hapo umechoka, ewe ajuza. Uso mtupu unanitosha. Nitautundika hivyohivyo."

Bi Mize kweli alikuwa amechoka. Akainama tena mpaka pua ikagusa karatasi, akasema kwa sauti ndogo, kama anavyosema mtu na mtu wake, lakini baraza lilikuwa kimya na kila mmoja alisikia.

"Hawa hawajui, mume wangu. Wanadhani mimi na wewe tunajuana kwa heshima. Mume wangu wa kwanza alikuja kwetu na mahari na ngoma na marashi. Wewe, siku ya kwanza nilipokupakata, ulinitazama usoni, ukanikojolea kanga mpya. Mpya, Hilali! Hata sijaitia maji. Na mimi mjinga nikasema, basi, huyuhuyu."

Nyuma ya pazia Zamzamu akashindwa. Akacheka, kicheko kilichopasuka chote kwa mara moja, kicheko kisicho na adabu hata kidogo, na kikapita juu ya vilemba vya watu wakubwa.

Na Bi Mize, kwa kuwa pua yake ilikuwa hapo, ndiye peke yake aliyekiona: katika shavu la kushoto la picha, mahali ambapo jini hakuweka mstari wowote, kishimo kidogo.

"Ehee!" akasema. "Nimekushinda!"

Karatasi ikacheka. Midomo ikafunguka, na hofu ikatoka, na macho yakatoka nayo, na risasi yote ikamwagika juu ya kiti cha enzi kama mchanga, na Hilali akawa amesimama mbele ya zulia bila viatu, anacheka na anakohoa, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Na wewe mke gani, bado unanuka moshi."

Sultani akamkumbatia mwanawe, na unga ukiwa ungali mdomoni mwake, na hakuufuta siku ile nzima.

Duhani akataka kuponyoka dirishani, lakini sheria ya majini ni kwamba atakayeimwaga kazi ya jini ndiye bwana wake. Akaanguka miguuni pa Bi Mize, akasema, "Ewe bibi yangu mshindi, amri ni yako. Nitume kazi moja, niimalize, niende zangu. Nikuletee kasri la lulu? Nikuletee taji?"

"Taji nitalivaa wapi, jikoni?" akasema Bi Mize. "Meza moshi wa jiko langu. Ukiisha, nenda zako."

Duhani akakubali kwa furaha, na hakuulizia jiko lenyewe huwashwa mara ngapi. Na muuza vitumbua wa Mtaa wa Majivu huwasha moto kila alfajiri ya Mungu, na watu wa Mrihani ni walaji wa vitumbua, na moshi ule haujaisha mpaka leo. Naye aliyemponza kijana kwa neno moja akaponzwa kwa neno moja, na macho ya Bi Mize yakaanza kupona, mpaka akaweza kuona watoto wanaomwibia vitumbua, akashukuru kwa hilo pia.

Waziri Ghalibu alikuja kuomba radhi, na ndevu zake hazikuwa na mafuta. Bi Mize akamwambia, "Ulimpenda kwa njia unayoijua. Keti ule." Akaketi, akala.

Na Hilali alipopata nguvu aliuliza jambo moja tu. "Yule aliyecheka nyuma ya pazia ni nani?" Wakamwambia. Akatuma posa, na Zamzamu alipoulizwa alisema anakubali, ila pua ni kweli kama mchi. Ikafanywa harusi ambayo hata watu wa miji ya mbali walikuja, na usiku wa kuingia bwana harusi ndani akamkuta Bi Mize amekaa kizingitini, amenyoosha miguu, ameuziba mlango.

"Mke mkubwa hajapewa chake," akasema. "Haingii mtu."

Watu wakapiga vigelegele. Sultani mwenyewe akaleta sanduku la dhahabu, akaliweka mbele yake, akasema, "Mama, mimi niliona haya kwa ajili yako, na mwanangu ni hai kwa ajili yako. Sina neno la kukushukuru linalotosha." Bi Mize akalivuta lile sanduku upande wake, maana hakuwa mjinga, lakini miguu hakuikunja.

Hilali akachutama mbele yake. "Unataka nini tena, mke wangu?"

"Kila Ijumaa uje kwangu, ukae juu ya mbuzi ya nazi, nikutukane."

"Nitakuja, na huyu mke mwenzio nitamleta asaidie."

Akajiuma shavu, na Bi Mize akakunja miguu, akawapisha, akageukia ukutani kwanza kidogo. Safari hii moshi haukuwapo wa kusingiziwa.

Sultani Shadhili aliifuta ile amri, na ile karatasi akaitia katika fremu ya dhahabu, akaitundika barazani. Wajumbe wa wafalme wakija huiona nyeupe, haina kitu, ila doa moja la unga wa mchele lenye umbo la ncha ya pua ya kikongwe, nao huuliza kwa adabu ni picha ya nini. Naye Sultani huwavusha zulia, akawasogeza mpaka karibu kabisa, akasema, "Ni picha ya mwanangu, alhamdulillahi. Tazameni vizuri."

Basi hekaya yetu imeishia hapo, na kitumbua cha mwisho kimetoka motoni. Aliye na mtu wa kumkaribia mpaka akamwona, akamwambia pua yako mbaya na asimwache, na amshukuru Mungu kwa mtu huyo, tena amshukuru na mwenyewe angali yupo.